Miti ya Mahame: Mji wa Kale wa Mara na Mashamba Yake

Katika Mkoa wa Mara, hasa katika wilaya za Tarime na Serengeti, neno mji halitumiki kwa ajili ya mahali penye maduka na barabara za lami peke yake. Katika mazungumzo ya kila siku mji ni makazi ya mzee mmoja na uzao wake, ambamo huhesabiwa nyumba za wake zake na za wanawe waliokwisha kuoa, zizi la ng'ombe lililo katikati, vihenge vya wimbi na mtama, makaburi ya waliotangulia, na migomba, mibuni na miti ya matunda inayozunguka vyote hivyo. Mtu anaposema kuwa anakwenda kwenye mji wa babu yake, anataja kwa neno moja watu, mifugo, udongo na mimea, na si rahisi kuvitenganisha vitu hivyo bila kuharibu maana ya alichosema.

Fasili hiyo inapaswa kutangulia mjadala wowote kuhusu uhifadhi wa makazi ya kihistoria katika eneo hili, kwa kuwa mbinu nyingi za uhifadhi zilizorithiwa kutoka Ulaya zilibuniwa kwa ajili ya majumba ya mawe, ambamo bustani na miti ya matunda huhesabiwa kuwa pambo la jumba. Mara mambo yako kinyume. Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa kwa nyasi huanguka ndani ya miaka michache baada ya kuachwa, mchwa humaliza nguzo zake, na mvua za masika hurudisha kuta zake kwenye ardhi zilikotoka. Lakini ua wa minyaa uliouzunguka mji huendelea kuota, mkuyu uliokuwa kivuli cha wazee huendelea kunenepa, na mwembe uliopandwa kando ya nyumba ya mama fulani huendelea kuzaa hata pale ambapo wajukuu wa mama huyo wamekwisha kuhamia kwingine. Kwa hiyo anayetaka kuhifadhi mji wa kale wa Mara akiulizia jengo, atakuta jengo halipo, na akiondoka kwa sababu hiyo atakuwa ameupita mji wenyewe bila kuuona.

Kiswahili kina neno la mahali palipokaliwa na kisha pakaachwa, nalo ni mahame. Wazanaki wa Butiama, walio kusini mwa Mto Mara, husema itongo, na kutokana na neno hilo limepatikana jina Mwitongo, yaani penye mahame, ambalo ndilo jina la sehemu ya Butiama yalipo makazi ya ukoo wa Mwalimu Julius Nyerere. Katika wilaya ya Serengeti, wazee wa Ikoma, Nata, Ishenyi na Ngoreme wamekuwa wakisimulia historia ya watu wao kwa kufuata mahame hayo, mahali hadi mahali, kama mtu anayesoma kitabu kwa kufunua kurasa. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, ambaye mwaka 2007 alichapisha kitabu Imagining Serengeti kuhusu kumbukumbu ya mandhari katika magharibi ya Serengeti, alionyesha jinsi majina ya mahali palipoachwa yanavyobeba historia ambayo haikuandikwa popote, na jinsi sehemu fulani, kama chemchemi, vilima na vichaka, zilivyoheshimiwa kuwa emisambwa, yaani makao ya roho za mahali ambazo vizazi vilipaswa kuzirudia kwa matambiko. Sehemu kubwa ya mahame hayo sasa iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, au katika mapori ya akiba yanayopakana nayo, na mgeni anayeambiwa kuwa anatazama nyika isiyoguswa na mkono wa binadamu haelezwi kuwa huenda kichaka anachokipiga picha kilikuwa uani kwa mtu.

Ushahidi wa ukaaji huo haumo katika masimulizi pekee. Zizi la ng'ombe lililotumika kwa miaka mingi hukusanya samadi kiasi cha kubadilisha udongo wake kabisa, na baada ya zizi kuachwa majani yanayoota hapo huwa mabichi na matamu kuliko yale ya jirani, jambo ambalo wafugaji na wanyamapori hulijua vilevile. Mwaka 2018 timu iliyomhusisha mwanaakiolojia Fiona Marshall ilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa mazizi ya kale ya wafugaji kusini-magharibi mwa Kenya, katika eneo la Narok linalopakana na Serengeti, na kuonyesha kuwa rutuba iliyoachwa na mifugo ilikuwa bado inapimika katika udongo baada ya miaka ipatayo 1,500 hadi 3,700. Ikiwa samadi inaweza kukumbukwa na ardhi kwa muda huo, basi mahame ya miaka 80 au 100 si kitu kilichopotea. Yako pale pale yalipokuwa, yakisubiri mtu anayejua kuyasoma.

Kusoma mahame kunahitaji jicho la karibu. Alama ya kwanza kwa kawaida ni mstari wa minyaa, mmea wenye vijiti vya kijani visivyo na majani ya maana, unaotoa utomvu mweupe kama maziwa ambao ukiingia machoni huweza kupofusha, na ambao kwa sababu hiyo mifugo haiugusi na wezi wa ng'ombe hawaupendi. Minyaa hupandwa kwa kuchomeka vijiti ardhini, na ndani ya misimu kadhaa vijiti hivyo hushikana kuwa ua. Ua ukiachwa bila kupunguzwa huwa miti mirefu, lakini huendelea kusimama katika mduara ule ule uliochorwa na aliyeupanda. Pengo katika mduara huo ndipo palipokuwa lango. Ndani ya mduara, mtu akitembea polepole, hukuta jiwe pana lililochimbika katikati kama bakuli refu, laini kwa kugusa, ambalo ni jiwe la kusagia wimbi, na ulaini huo ni kazi ya mikono ya wanawake wa vizazi kadhaa waliopiga magoti mahali pale kila siku. Pembeni kuna jaa, yaani mahali pa kutupia majivu na takataka, ambapo mara nyingi ndipo ulipoota mti wa matunda ambao hakuna aliyeupanda kwa makusudi, kwa sababu mbegu ilitupwa baada ya kuliwa na ikakuta udongo mzuri.

Kaskazini ya mpaka, katika kaunti ya Migori nchini Kenya, kuna mfano unaothibitisha kuwa makazi ya aina hii yanaweza kutambuliwa na dunia nzima. Thimlich Ohinga ni mkusanyiko wa kuta za mawe zilizojengwa kuanzia karne ya 16 hivi bila chokaa wala udongo wa kushikishia, kwa ustadi wa kupanga tabaka la nje na la ndani kisha kujaza mawe madogo katikati, na ndani yake zilikuwamo nyumba na mazizi ya jamii zilizopokezana eneo hilo kwa karne kadhaa. Serikali ya Kenya iliutangaza mji huo kuwa mnara wa kitaifa mwaka 1981, na mwaka 2018 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ilipokutana Manama nchini Bahrain, iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Thimlich Ohinga ilitambuliwa kwa sababu imejengwa kwa mawe, na hapo ndipo unapoonekana upungufu wa vigezo vinavyotumika, kwa kuwa mji wa Mkurya au Mngoreme uliozungushiwa minyaa ulikuwa na mpangilio wenye mantiki ile ile, tofauti ikiwa tu kwamba ukuta wake ulikuwa hai.

Kwa upande wa Tanzania, mji wa kale unaojulikana na kutunzwa kuliko yote mkoani Mara ni Mwitongo. Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyefariki mwaka 1942, alikuwa na wake 22, na mama yake Mwalimu, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa wa tano miongoni mwao. Idadi hiyo huwashangaza wasomaji wa leo, lakini kwa mwanafunzi wa makazi ina maana nyingine, kwa sababu kila mke alikuwa na nyumba yake, na nyumba katika jamii za Mara si jengo tu bali ni taasisi yenye shamba lake, kihenge chake, ng'ombe wake na haki zake za urithi. Uzito wa taasisi hiyo unaonekana katika desturi ya Wakurya na majirani zao iitwayo nyumba ntobhu, ambayo kwayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa msichana ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na shamba lake lisikose mrithi. Desturi hiyo ina watetezi na wapinzani wake, na si kazi ya makala haya kuamua kati yao, ila inafundisha kuwa ramani ya mashamba ya mji wa kale ilikuwa pia ramani ya akina mama, na kwamba kila kundi la migomba lilikuwa na mwenyewe ambaye jina lake lilijulikana.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, na alipong'atuka urais mwaka 1985, kisha uenyekiti wa chama mwaka 1990, alirudi huko akawa mkulima. Alizikwa Mwitongo Oktoba 1999, karibu na makaburi ya wazazi wake, kwa kufuata utaratibu wa kawaida wa Mara ambapo mtu hulazwa katika mji wake na si katika uwanja wa umma. Mwaka huo huo yalifunguliwa Butiama makumbusho yenye jina lake, ambayo yako chini ya Makumbusho ya Taifa, na tangu wakati huo wanafunzi, viongozi na wageni kutoka nje wamekuwa wakifika kuona kaburi, nyumba na kumbukumbu za maisha yake. Kwa hiyo Mwitongo umepata kile ambacho mahame mengine ya mkoa hayana, yaani ulinzi, bajeti na wageni.

Hata hivyo, thamani ya Mwitongo kama somo la uhifadhi haiishii kwenye nyumba. Mji huo umekaa juu ya miamba mikubwa ambayo ndiyo iliyoufanya ufae kwa ulinzi tangu mwanzo, na jirani yake kuna msitu wa Muhunda, ambao kwa imani ya wenyeji ni makao ya roho inayowalinda watu wa Butiama, na ambao kwa sababu ya imani hiyo haukatwi ovyo. Msitu huo ulihifadhiwa kabla ya kuwepo kwa idara yoyote ya misitu, kwa katazo ambalo halikuandikwa na lililotekelezwa bila askari, na ukilinganishwa na vilima vingi vya mkoa vilivyokwisha kubaki mawe matupu, mafanikio yake hayahitaji kutetewa kwa maneno mengi. Anayetembelea Mwitongo akaishia kwenye kaburi na maonyesho ya picha ameona nusu ya urithi uliopo. Nusu nyingine imesimama nje, ina majani, na inastahili mwongozaji wa kuieleza kwa uzito ule ule.

Tarime yenyewe iko kaskazini ya Mto Mara, na anayetoka Musoma kwenda huko huvuka mto huo kwenye daraja la Kirumi, kisha barabara hupanda taratibu hadi kwenye nyanda za juu zinazofikia mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Huko juu hali ya hewa huwa ya ubaridi, mvua hunyesha vya kutosha, na mji wa kale huvaa sura nyingine: badala ya miembe na mikwaju ya sehemu za chini, nyumba huzungukwa na migomba, chini ya migomba kuna mibuni ya kahawa aina ya arabika, na katikati yake miparachichi na mipera, na viazi vitamu au maharage katika kila pengo ambalo jua linafika. Kahawa ilikuja na ukoloni, lakini ilipoingia katika shamba la mji haikuleta mpangilio wake wa mistari mirefu iliyonyooka kama ya mashamba ya walowezi. Ilikaribishwa chini ya mgomba, ikalishwa samadi ya zizi, ikawa ya nyumba fulani na ya mama fulani kama mazao mengine yote.

Shamba la namna hii, lenye mimea ya vimo tofauti inayosaidiana kwa kivuli, unyevu na mboji, linafahamika zaidi kutoka Kilimanjaro kwa jina la kihamba. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa kijiji cha Shimbwe Juu, katika wilaya ya Moshi, kuwa mojawapo ya mifumo ya urithi wa kilimo yenye umuhimu wa dunia, na utambuzi huo haukuwa wa cheti peke yake, kwa kuwa uliambatana na kazi ya kukarabati mifereji ya asili na kuwasaidia wakulima kupata soko bora la kahawa. Wachaga walipata heshima hiyo kwa haki. Linalosikitisha ni kuwa shamba la mji wa Tarime, ambalo ni ndugu wa kihamba kwa umbo na kwa akili, halijaandikiwa hata sehemu ndogo ya yale yaliyoandikwa juu ya Kilimanjaro, na linapotajwa katika magazeti hutajwa kwa habari za mapigano ya koo, wizi wa ng'ombe au dhahabu ya Nyamongo, kana kwamba watu wa huko hawajawahi kupanda mti.

Wakati huo huo shamba hilo linabadilika haraka. Kahawa ya zamani nchini ilitegemea kwa sehemu kubwa aina za N39 na KP423, zilizotokana na kazi ya utafiti ya Lyamungu, kituo kilichoanzishwa mwaka 1934 huko Kilimanjaro, na aina hizo, pamoja na ladha yake inayosifiwa, hushambuliwa vibaya na magonjwa mawili: chule buni, ambalo huozesha matunda yakiwa bado mabichi, na kutu ya majani, ambayo huacha unga wa rangi ya chungwa chini ya jani kabla ya kulipukutisha. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, ambayo ina kituo kidogo Sirari wilayani Tarime, imezalisha aina mpya zinazostahimili magonjwa yote mawili, na mkulima anayezipanda huokoa gharama kubwa ya dawa. Ni vigumu kumlaumu mzee anayeng'oa mbuni wa baba yake ili apande mche usiougua. Lakini kati ya kung'oa wote na kubakiza michache pana tofauti kubwa, kwa sababu mibuni michache mikongwe iliyobakizwa karibu na nyumba, ikatunzwa na kuandikwa ilikotoka, ni akiba ya mbegu na ya historia ambayo hakuna kituo kitakachoweza kuirudisha ikishatoweka.

Migomba nayo iko katika hatari ya aina yake. Mnyauko bakteria wa migomba, uliothibitishwa kwa mara ya kwanza nchini mkoani Kagera mwaka 2006 na ambao baadaye uliripotiwa hata Mara, huingia katika mgomba kupitia ua dume kwa miguu ya nyuki na wadudu wengine, au kupitia panga lililotoka kukata mgomba mgonjwa, na dalili zake ni majani kunyauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ndizi kuiva kabla ya wakati, na usaha wa njano kutoka shina likikatwa. Dawa ya kunyunyizia haipo. Kinga iliyopo ni ya mikono: kuondoa ua dume mara tu mkungu unapokamilika, na kuliondoa kwa kuzungusha mti wenye panda, si kwa panga, ili kisu kisibebe ugonjwa, kisha kukata mapema shina lolote lililoonyesha dalili. Jambo la kuzingatia ni kwamba kinga hiyo haina gharama ya fedha, ila inadai mtu anayepita shambani kila siku na kuujua kila mgomba, yaani inadai mwenye mji aliyepo. Mji ambao vijana wake wote wamekwenda mgodini au mjini Mwanza hauna mtu huyo, na hapo ndipo ugonjwa unapopata nafasi.

Historia ya karibuni imeongeza idadi ya miji isiyo na wenyewe. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kuwa kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wakulima wote wawe wamehamia, na Mara kama mikoa mingine familia zikabomoa nyumba zao na kwenda kujenga kando ya barabara, zikiacha minyaa, mikuyu, mibuni na makaburi huko zilikotoka. Baadhi walirudi baadaye, na wakakuta wengine wamekwisha kulima. Katika migogoro iliyofuata mti ulisimama kama shahidi, kwa maana mdai aliulizwa ni nani aliyepanda mwembe ule au mkuyu ule, na jibu lilipimwa na wazee waliokumbuka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimaliza sehemu kubwa ya ubishi huo kwa kuthibitisha ugawaji uliofanyika kati ya mwaka 1970 na 1977, jambo lililoleta utulivu uliohitajika, lakini matokeo yake mengine ni kuwa mti wa mahame ulipoteza kazi yake ya ushahidi, na mti usio na kazi huishia kuwa mkaa.

Nyamongo, ambako mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, mti umepata thamani ya aina nyingine kabisa. Kwa mujibu wa taratibu za fidia nchini, anayehamishwa hulipwa kwa maendelezo yaliyo juu ya ardhi, ikiwemo miti na mazao, kulingana na aina na umri wake, na hapo kukazaliwa neno tegesha, ambalo katika Kiswahili cha Tarime lina maana ya kujenga au kupanda haraka haraka katika eneo linalotarajiwa kufanyiwa tathmini. Mengi yamesemwa juu ya tegesha kama udanganyifu, na machache juu ya kilichopotea katika lugha yenyewe ya tathmini. Jedwali la fidia linajua mwembe uliokomaa na mwembe mchanga, lakini halijui mwembe uliopandwa siku ya kuzaliwa kwa mtu, wala ule ambao chini yake iritongo, yaani baraza la jamii ya Wakurya, lilikuwa likikaa kuamua mashauri. Makaburi angalau yana sheria yake ya mwaka 1969, inayotaka taratibu maalumu kabla ya kuyahamisha. Mti wa baraza hauna chochote.

Upungufu huo unaanzia kwenye sheria mama. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatambua moja kwa moja kuwa mnara wa kumbukumbu yale majengo na maumbo yaliyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na chochote cha baadaye kinahitaji kutangazwa na waziri mwenye dhamana. Mpaka huo wa mwaka uliwekwa kwa kufikiria magofu ya pwani kama Kilwa na Kaole, na kwa kazi hiyo unafaa. Kwa bara ambako nyumba haikai miaka 100 lakini ua wake na miti yake hukaa, mpaka huo unaacha nje karibu kila kitu, na Sera ya Malikale ya mwaka 2008, ingawa inautazama urithi kwa upana zaidi na kutambua nafasi ya jamii, haiwezi peke yake kufanya kazi ya sheria.

Njia iliyo karibu zaidi na mwananchi ipo katika sheria nyingine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kundi la wanakijiji kutunza msitu wa jamii, bila kuweka sharti kwamba msitu huo uwe mkubwa, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kwa kuunganisha hizo mbili, kijiji cha Tarime au Serengeti kinaweza kuyatenga mahame yake matatu au manne yenye miti mikongwe, kuyapima kwa simu yenye ramani, kuyaandika katika mpango wa matumizi bora ya ardhi, na kuweka katazo la kukata mkuyu na kuvunja minyaa, huku kikiruhusu kuchuma matunda, kuokota kuni zilizokauka na kufanya tambiko. Ruhusa hizo ni sehemu ya uhifadhi wenyewe, kwani Muhunda haukusalimika kwa kuzungushiwa waya, bali kwa kuwa watu waliendelea kuuhitaji. Inchama, baraza la siri la wazee ambalo kwa Wakurya lina sauti inayoogopwa kuliko ya mahakama, linaweza kuutia muhuri uamuzi wa aina hiyo kwa namna ambayo tangazo la wilaya haliwezi.

Baada ya katazo hubaki kazi ya kuendeleza uzao wa miti, kwa kuwa mti mkongwe hautaishi milele hata ukilindwa vipi. Huko Ujiji mkoani Kigoma, mwembe ambao husemwa kuwa Stanley alikutana na Livingstone chini yake mwaka 1871 ulikufa zamani, na miembe inayoonyeshwa leo husemwa kuwa ni uzao wake, yaani kumbukumbu ya mahali ilihamishwa kutoka shina moja hadi lingine. Kwa parachichi, na kwa matunda mengine mengi, kupanda kokwa hakutoshi, kwa sababu mche unaotoka kwenye kokwa huchanganya sifa za wazazi wawili na tunda lake huweza kuwa tofauti kabisa na la mama yake. Njia ya uhakika ni kubebesha. Mtaalamu huchagua kijiti chenye unene wa penseli kutoka kwenye mti mkongwe, chenye macho yaliyovimba lakini hayajafunguka, huita kijiti hicho kikonyo, na hukichonga ncha yake kwa pande mbili kama kabari. Kisha hukata kichwa cha mche mchanga uliooteshwa kitaluni, hupasua shina lake katikati, hupachika kabari katika mpasuko huo kwa namna ambayo ganda linagusana na ganda, na hufunga kwa utepe wa plastiki kwa kukaza. Mfuko mdogo huvikwa juu ili kuzuia kukauka. Baada ya wiki tatu au nne, kazi ikiwa imeshika, jicho la kwanza hufunguka, na jani linalotoka ni la mti ule ule uliopandwa na mtu aliyekwisha kufa.

Shule za msingi na sekondari za Tarime na Serengeti, nyingi zikiwa na ardhi na maji, ndizo mahali panapofaa zaidi kwa vitalu vya namna hii, chini ya usimamizi wa maofisa ugani, na vyama vya ushirika vya kahawa vinavyokusanyika katika Chama Kikuu cha WAMACU tayari vina mtandao wa kuifikisha miche hadi vijijini. Kinachohitaji kuangaliwa ni daftari. Kitalu cha kawaida huandika aina ya mche, tarehe ya kubebeshwa na idadi, na kwa biashara hayo yanatosha, lakini mwanafunzi anayetumwa kuchukua kikonyo kwenye mahame anapaswa kwenda na mzee, aulize mti ule ulikuwa wa nyumba ipi, mama wa nyumba hiyo aliitwa nani na alitokea ukoo gani, na ni nani waliokula matunda yake. Kisha kwenye kibao kidogo kinachochomekwa kando ya kiriba, katika nafasi ambayo kwa kawaida huandikwa aina ya tunda, aandike jina la mama huyo.